Kadi ya Filipo

Juzi mjukuu wangu alibandika karatasi nyuma ya simu yake: jina, namba ya mama yake, na dawa inayomdhuru. "Bibi, nikigongwa watajua wampigie nani."

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja kijijini kwetu Muyama ilinuka pombe ya ndizi, na harufu hiyo mpaka leo siipendi. Baba alikwenda Kasulu na kadi ya utambulisho ya jirani yetu Filipo mfukoni, aliyoazimwa. Sisi tulitoka Burundi, karatasi hatukuwa nazo, na habari ya kadi hiyo baba hakumwambia hata mama. Akaja mtu wa baiskeli: "Filipo amegongwa na lori, yuko hospitali!"

Filipo mwenyewe alikuwa kashika mrija, anakunywa. Akacheka mpaka machozi. "Mwambieni huyo aniachie jina langu!" Tukacheka wote, na mama pia. Nilidhani Filipo kafurahi kuwa hai.

Kumbe ilikuwa hofu. Kumwazima mtu kadi ilikuwa jela. Alimwambia mama siku ya tatu kwamba kadi anayo baba.

Mama alipofika hospitali, nesi alimfokea: "Ndugu za Filipo mlikuwa wapi? Kusema hakuweza, lakini kila mlango ukifunguliwa aligeuza kichwa. Tumemzika jana."