Kabati la Mkono wa Kushoto

Ndani ya kabati la zamani mna harufu yake, nami niliijua nikiwa na miaka kumi, kichwa changu chote kimeingia kwenye kabati la watu nisiowafahamu. Ilikuwa harufu ya mbao za mninga, ya kafuri na ubani, na ya karatasi zilizokaa miaka mingi bila kuguswa. Nyuma yangu alisimama Bi Rukia, mama mtu mzima aliyekuwa akiuza vyombo vya nyumba ya marehemu baba yake pale Mikindani. Aliniambia nivute pumzi taratibu. Nikisikia uvundo, alisema, nijue mbao zimekunywa maji, na kabati la namna hiyo halifai hata kwa kufugia kuku. Baba yangu alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

Ilikuwa likizo ya mwisho wa mwaka, korosho za mwisho zinaokotwa na mvua za kwanza zinaanza. Mimi na mama tuliishi Mahurunga, shambani kwetu kwenye mikorosho na mihogo. Baba alikuwa fundi wa mashine za boti. Kazi zake zilikuwa mjini na kule Mnazi Bay, kwa hiyo alipanga nyumba Chuno, mtaa wa hukohuko mjini, na kwetu akawa anakuja mara mbili kwa mwezi na mkate na sukari. Siku hiyo alinichukua bila kueleza tunakwenda wapi. Tulipofika kwa Bi Rukia alinionyesha makabati matatu yaliyoegemezwa ukutani, akasema, "Chagua kama unamchagulia mama yako."

Sijawahi kupewa kazi kubwa kama ile. La kwanza lilikuwa refu, lina kioo mlangoni na nakshi za maua, na mimi nililipenda palepale. Bi Rukia akanicheka kwa upole. Alilivuta kutoka ukutani, akanionyesha mgongo wake: mbao za nyuma zilikuwa mpya, laini, zimepigiliwa misumari ovyo, na miguu miwili ilikuwa imeliwa na mchwa. La pili lilikuwa la wavu, la kuwekea chakula, zuri na zima, lakini rafu yake ya juu ilikuwa mbali, na mama yangu ni mfupi. La tatu halikuwa na uso wa kuvutia. Lilikuwa la mlango mmoja, na chini yake droo mbili. Bi Rukia alinichomolea droo moja, akanipa nipapase pembeni mahali mbao zilipoumana meno kwa meno bila msumari hata mmoja. Halafu nikaona jambo lililonishangaza: mshikio ulikuwa upande wa kushoto, na bawaba upande wa kulia. Bi Rukia akasema babu yake alikuwa karani aliyeandika kwa mkono wa kushoto, na fundi alimtengenezea hivyo kwa makusudi.

Mama yangu pia hutumia mkono wa kushoto. Alilima kwa mkono huo, alikata mihogo kwa mkono huo, na maisha yake yote alikuwa ameambiwa na watu kwamba anashika vitu vibaya. Nikaweka kiganja changu juu ya lile kabati, nikamwambia baba ni hili. Baba alilitazama, akaguna, akakubali. Njiani akanitaka nisimwambie mama kwanza.

Nilimwambia usiku uleule. Asubuhi nilimkuta mama amehamisha kinu na mitungi kutoka kwenye kona ya chumba cha mbele, amefagia, na amepaka ukuta udongo mpya. Vikombe vyake vya harusi, vilivyokuwa vimefungwa kwenye kanga chini ya kitanda tangu kabla sijazaliwa, alivitoa, akaviosha, akavipanga mkekani. Tukangoja. Baba akaja na mkate na sukari, akaiona ile kona tupu, akazungumzia mvua. Akaja tena, akazungumzia mashine iliyomsumbua. Mimi sikuweza kuuliza, kwa sababu nilikuwa nimetoa siri yake. Mama naye hakuuliza, na nadhani alikuwa ananilinda mimi. Vikombe vikarudi kwenye kanga. Nilijiuliza kama kabati limeibwa, au nimechagua vibaya na baba anaona haya kuniambia.

Mwezi wa tatu mama aliumwa jino, tukaenda hospitali ya mjini kuling'oa. Baadaye, shavu limemvimba, alisema tukapumzike kwa baba, na kwa kuwa hatukuwahi kufika, tuliuliza njia mpaka tukaipata nyumba. Aliyefungua mlango ni mwanamke kijana, mtoto mchanga begani. Alinitazama mimi, kisha mama, na uso wake ukachangamka. "Karibu dada," alimwambia mama, kisha akanigeukia. "Karibu Somoe. Baba yenu yuko kazini. Nilikuwa nangoja siku mtakayokuja."

Tuliingia. Kabati langu lilikuwa pale, sebuleni. Mama alikaa kwenye mkeka, mkono shavuni. Yule mwanamke, Mama Zuhura, alimlaza mtoto, akaenda kutoa vikombe. Alipofungua, mlango ukamzibia upande wa mkono anaotumia, ikambidi azunguke na kuinama. Akaomba radhi, akasema kabati hili ni imara lakini limetengenezwa kinyume, mpaka leo hajalizoea. Mama akainuka polepole. Akashika mshikio kwa mkono wake wa kushoto, akafungua, akafunga, akafungua tena. Mlango ulimfuata kama unamjua.

"Nani alilichagua?" aliuliza, maneno yakitoka kwa shida mdomoni.

"Baba Somoe aliniambia ni Somoe," alisema Mama Zuhura. Halafu akatutazama kwa zamu, na nikaona furaha inamtoka usoni. "Dada, mimi niliambiwa unajua. Yote niliambiwa unajua."

Mama alikunywa chai yake yote, ingawa pengo la jino lilikuwa bado linavuja damu. Alimbeba Zuhura, akamuombea dua. Njia nzima ya kurudi sikujua kama nimefanya kosa, na kama nimefanya, ni lipi. Nilikuwa na mdogo wangu ambaye sikumjua, na mama yake nilimpenda tangu alipolitamka jina langu, na kumpenda kule kuliniuma. Tulipokaribia nyumbani mama akaniambia, "Ulichagua vizuri." Sikuelewa alikuwa ananisifu au anaomboleza.

Juma lililofuata baba alikuja, wakafunga mlango, nikatumwa kubangua korosho. Nilisikia baba akisema barabara ya Mahurunga ilikuwa mbovu. Baadaye kidogo akasema alitaka kumhamishia mama mjini, kabati limtangulie. Kabla ya Ramadhani pikapu ikaleta lile kabati. Aliyelipakia ni Mama Zuhura, baba akiwa Mnazi Bay. Mama aliliweka kwenye kona, akapanga vikombe vitatu tu. Vingine vitatu alivifunga, akamkabidhi dereva ampelekee Mama Zuhura kule Chuno.

Baba sasa ni mzee. Mwaka fulani nilimuuliza ana kwa ana lile kabati lilikuwa la nani. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Nilikwambia umchagulie mama yako," alisema. "Na Mama Zuhura si mama yako?" Ni kweli namwita mama, na ndiye aliyenifunda nilipoolewa.

Siku hizi watu wanachagua makabati kwenye simu. Mengi ni ya mbao za kubandika, yanavimba masika moja, na hakuna anayeyavuta ukutani kuyatazama nyuma. Mume wangu anapenda ya zamani kama mimi, na juzi alinionyesha picha ya moja linalouzwa, akaniomba nichague kati ya hilo na jingine. Nilimuuliza kwanza litakaa nyumba gani. Akacheka, akadhani nimekosea nikitaka kusema chumba, akanijibu, "Sebuleni." Sikumsahihisha. Nimekaa na zile picha mbili tangu juzi, na bado sijamwambia nimependa lipi.