Miwani ya Theluji Shambani Matinyani

Watu wa kwetu wanaoishi Ulaya hujigamba kwa mambo mengi, lakini mimi na mume wangu tulijigamba kwa likizo. Miaka ya themanini tulikuwa tukifanya kazi Uswidi, yeye akichora madaraja katika ofisi ya wahandisi, mimi nikiwa nesi kwenye nyumba ya wazee. Huko baridi ikishaingia, swali kazini ni moja tu: likizo mtakwenda wapi? Nasi hatukutaka kuonekana washamba. Majira ya baridi ya kwanza tulifanya kama wenzetu, tukaenda milimani kuteleza kwenye theluji.

Tulinunua kila kitu: mbao ndefu za kufunga miguuni, glavu nene kama mito, na miwani mikubwa ya kuzuia theluji isiingie machoni. Mume wangu aliteleza mara moja, kinyumenyume, akasimamishwa na ua wa mtu. Mimi niliketi chini kwa hiari yangu kabla sijaangushwa. Siku zilizobaki tulikunywa chai ndani, tukitoka tu kupigwa picha mlangoni tukiwa tumevaa vifaa vyote, nyuso kali kama za mabingwa. Picha hizo tulizituma kwa mama mkwe huko Matinyani, Kitui, na nasikia zilizunguka kijiji kizima hadi kanisani.

Mwaka uliofuata tukaamua kuja nyumbani Desemba. Mpango ulikuwa mzuri. Tungesalimia Matinyani siku chache, tugawe sweta na sabuni, kisha tuteremke Mombasa kwenye hoteli yenye bwawa, tukaogelee maji ya bomba kando ya bahari kama watu waliostaarabika. Glavu na miwani tulizibeba pia, jamaa wasije wakadhani zile za kwenye picha zilikuwa za kuazima.

Nilikuwa mke wa Matinyani kwa jina tu. Nilizaliwa Malili, ambako baba yangu alikuwa na duka kando ya barabara ya Mombasa, nikakulia nyuma ya kaunta. Kunde, mbaazi na ndengu nilizijua zikiwa ndani ya gunia. Ningeweza kufumba macho, nikachota kiganja kimoja, nikakwambia ndengu hii ni ya mwaka huu au ya mwaka jana. Mimi na jani lake hatukuwa tumewahi kutambulishana. Mume wangu naye alipelekwa shule ya bweni angali mdogo, na alipofunga shule aliambiwa asome, asiguse jembe. Kati yetu wawili hukuweza kupata mkulima hata nusu.

Tulimkuta mama mkwe ameketi nje kwenye kigoda, mguu mmoja ameunyoosha, fimbo kando yake. Mvua za Novemba zilikuwa zimenyesha vizuri, na shambani magugu yalikuwa yamezifurahia kuliko mahindi. Baada ya chai mume wangu akauliza mbona mwethya haujaja. Mwethya ni kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na huyu mama alikuwa mmoja wa waliokianzisha kile cha kijijini kwake. Akatuonyesha goti kwa fimbo. Goti lilikuwa limemshika tangu mvua ianze, akakosa zamu moja, ikafuata ya pili, ya tatu. Mgonjwa husamehewa ikiwa nyumba yake haina mikono mingine. Yake ilikuwa na mikono minne, tena yenye nguvu, ila ilikuwa Uswidi ikipigwa picha.

"Mwaitu," mume wangu akasema, maana ndivyo Wakamba wanavyomwita mama, "hiyo si shida. Tutalipa watu wapalilie. Siku mbili kazi imeisha."

Mama mkwe alimtazama kama mtoto aliyemwaga maziwa.

"Hao wa kulipwa, nikikuwa mgonjwa watanibeba? Nikikufa watakuja kulala hapa na nyinyi? Mimi sitaki magugu itoke tu. Nataka mwethya ikuje kwangu. Wakinitoa, sasa mimi nitakuwa nini? Nitakaa tu hapa kama hii stuli."

Mwenyekiti wao alikuwa amekubali kungoja hadi Krismasi, akatuambia. Ikiwa nyumba haitatoa mtu, jina lake linaondolewa. Alisema hayo huku machozi yakimlengalenga, nami nikaogopa. Siku tulipomzika mumewe sikumwona akilia mbele ya watu. Usiku huo hakuna aliyetaja Mombasa, na hatukuitaja tena.

Zamu ya kwanza ilikuwa kwenye shamba la mwenyekiti mwenyewe, mjane mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya mto. Tulifika tumevaa glavu, kwa kuwa viganja vyetu vilikuwa laini, na miwani, kwa kuwa tuliogopa vumbi. Wanawake walisimamisha majembe.

"Aiya!" akasema mwenyekiti. "Nyinyi mumekuja kulima ama kutoa asali kwa mzinga?"

Walicheka mpaka wengine wakaketi kwenye matuta. Hata hivyo kila mmoja wetu alipewa laini yake, yaani mstari wake wa kupalilia, na kazi ikaanza, wenzetu wakienda kwa wimbo na sisi tukienda kwa mapumziko. Baada ya muda nikaona naanza kuuweza mchezo. Nilikuwa nimepata magugu laini yanayong'oka bila ubishi, nikayang'oa kwa moyo wote, nikiyarusha begani kama niliyezaliwa shambani. Nilistaajabu kidogo tu jinsi magugu ya Matinyani yanavyojipanga kwa mstari ulionyooka.

"Wewe mama wa Ulaya! Unang'oa nini?"

"Magugu."

"Hiyo ni ndengu! Ndengu yangu!"

Nikaliangalia lile jani. Nilitaka kujitetea kwamba kwenye gunia ningeitambua mara moja, na kwa ujinga wangu nikajitetea hivyo hivyo.

"Kwani huko kwenu Malili ndengu inazaliwa na gunia?" mwenyekiti akauliza, na wimbo ukafia hapo kwa kicheko. Aliyecheka zaidi ni mume wangu, hadi ilipogunduliwa kwamba tangu asubuhi alikuwa akipalilia laini ya jirani yake, yake mwenyewe ikiwa haijaguswa.

Hivyo ndivyo tulivyoimaliza likizo ile, shamba baada ya shamba. Viganja vilitoka malengelenge ndani ya glavu za bei ghali. Jioni mama mkwe alitupaka mafuta mikononi, akidai habari zote: nani alikuja, nani alichelewa, nani aliongoza wimbo na kama alijua kuuongoza. Kisa cha ndengu nilitakiwa kukisimulia kila jioni, naye kila jioni alicheka mpaka akashika ubavu.

Kisha ikafika zamu yake. Alioga mapema, akavaa gauni la Jumapili, akatuamuru tumbebee kigoda hadi kwenye ukingo wa shamba. Walipoingia na majembe yao hakuwasalimu. Aliwaanzishia wimbo kwa sauti iliyopasuka, nao wakauitikia wakiwa wameshainama. Kufikia adhuhuri shamba lilikuwa safi na watu wanakula isyo, mahindi na maharagwe niliyoyapika mimi na kuyaunguza kidogo. Nilifurahi siku ile mpaka nikajionea haya, mtu mzima kufurahia hivyo usafi wa shamba la mahindi.

Tuliporudi Uswidi, wenzangu kazini waliniuliza kama nilipumzika. Nikaficha viganja mfukoni, nikasema tulikuwa Mombasa. Niliwaelezea lile bwawa la hoteli kwa ufundi kiasi kwamba nesi mmoja aliomba anwani, akataka kumpeleka mchumba wake.

Tangu hapo kila majira ya baridi tulisema tunakwenda ufukweni, tukaenda kupalilia. Goti la mama mkwe halikupona, lakini jina lake halikuondolewa. Mikono yetu minne, hata kama iliharibu hiki na kile, ilihesabiwa kuwa yake. Ile miwani tuliiacha kwake ikining'inia msumarini, na wakati wa kupepeta mtama majirani walikuja kuiazima. Jani la ndengu nililijua hatimaye, ingawa hakuna aliyekubali kuniamini.

Halafu ukaja mwaka ambao theluji ilianguka mpaka ikafunga uwanja wa ndege. Tulilala sakafuni pale na wasafiri wengine, Krismasi ikatupita tukila biskuti. Nyumbani hakukuwa na simu. Tulipopata ndege na kufika Kitui mjini, zamu zote zilikuwa zimeisha. Mama mkwe sasa alikuwa hatoki kitandani bila kushikwa, na sisi tulizijua sheria za mwethya kama tunavyojua amri kumi. Njia nzima ya kwenda Matinyani nilikuwa nikitafuta jinsi ya kumwambia mama kwamba kilichomtoa kwenye kikundi chake ni theluji, ile ile tuliyomringia kwa picha.

Kutoka langoni tuliliona shamba, nalo lilikuwa safi. Mahindi yalisimama, udongo chini yake mweusi, hakuna hata jani la ziada. Lakini upande wa mtaro zilikuwepo laini mbili ambazo hazikuguswa kabisa, magugu yake yanafika magotini.

Mlangoni mama mkwe alikuwa amekalishwa kwenye kiti, amejifunga shuka, na mwenyekiti kando yake akinywa chai. Nilidhani laini zile mbili ndizo adhabu yetu, zimeachwa wazi ili wapita njia wazione. Mume wangu hata kusalimu vizuri alisahau.

"Mbona hamkumaliza?" akauliza.

"Tumalize kwa nini?" akasema mwenyekiti. "Hizo laini mbili ni zenu. Moja yako, moja ya mama wa Ulaya. Ama saa hii nyinyi ni wageni?"

Majembe mawili yalikuwa yameegemezwa ukutani, yametiwa mipini mipya.

"Vueni hizo makoti," mama mkwe akasema. Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, ndengu iko hapo katikati. Uende polepole."

Tulivua makoti. Mume wangu akaingia ndani, akatoa ile miwani kwenye msumari, akavaa yake na kunipa yangu. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake na hakukuwa na vumbi hata chembe, lakini nami niliivaa, tukaenda kulima.