Chumba Ambacho Mkaguzi Hakuingia

Huku Moshono nina jina la Bwana Ripoti, na kila mgeni akiuliza lilikotoka mke wangu hukimbilia jikoni kucheka, kwa hiyo aibu hii naieleza mwenyewe kabla hamjaisikia kwa majirani, maana wao huongeza chumvi na kusema mama mkwe wangu alizama hadi shingoni, wakati ukweli ni magotini (haya, juu kidogo ya magoti).

Niseme kwanza kwamba mimi shule niliishia kidato cha nne, lakini vitabu vya ujenzi nimevisoma mwenyewe, kwa kalamu na rula, na tulipoamua kununua nyumba badala ya kujenga niliapa kuwa sitakuwa kama wale wanaonunua rangi ya ukuta. Nikamtafuta mkaguzi, Injinia Elibariki, tukaandikiana mkataba kwamba atakagua kila chumba, paa, msingi, mabomba na umeme. Haraka yote ilikuwa kwa ajili ya mama mkwe, mjane anayeishi peke yake Marangu na goti lake moja ni bovu, ambaye tulikuwa tumemwomba mara tatu ahamie kwetu akakataa kwa sababu tulikuwa tumepanga nyumba ya watu. Aliposikia tunanunua akalegea kidogo. Alimwambia mke wangu, "Nitakuja siku ya kubariki nyumba. Nikiiamini nitakaa."

Siku ya ukaguzi nilimfuata Injinia nyuma na daftari langu, yeye anagonga ukuta nami nagonga, yeye anapanda darini nami nashika ngazi, mpaka tukafika chumba cha tano, cha nyuma, ambacho mwenye nyumba alifungua mlango nusu na kunong'ona, "Mama yangu ndiyo kwanza amepata usingizi." Tukasimama kizingitini wanaume wazima watatu, kofia mkononi, tukitazama zulia la sakafuni na miguu ya bibi chini ya blanketi. Nani angeingia kugonga sakafu bibi wa watu amelala? Injinia akanitazama mimi. Nikasema (maneno haya nitazikwa nayo), "Tumwache bibi apumzike, chumba kitakuwa kama vile vingine."

Ripoti ilipokuja ilikuwa na kurasa kumi na moja, na ndani yake: "Vyumba vyote vitano vimekaguliwa. Sakafu: imara." Nami niliyekuwepo, niliyeona kwa macho yangu kwamba hatukuingia, nilipigia sentensi hiyo mstari kwa kalamu nyekundu kwa kuipenda.

Siku ya kubariki nyumba alikuja mchungaji, wazee wa kanisa, majirani na kwaya, na mama mkwe akaja amevaa kitenge kipya. Niliambiwa nitoe neno la kukaribisha wageni. Mtu mwingine angesema karibuni akakaa, mimi nikasoma ripoti. Nilikuwa ukurasa wa nne, kwenye mteremko wa paa, mchungaji akanigusa bega. "Baba Neema, hapo tuseme amina, pilau isije ikapoa."

Tukaanza kuzunguka vyumba, sala kila chumba, tukamalizia kile cha nyuma, ambacho ndicho tulichomtengea mama mkwe. Kwa heshima yake nilikuwa nimepima kwa futi nikapata katikati kamili ya chumba, pale mlima Meru unapoonekana vizuri dirishani, na hapo nikaweka kiti chake. Akakaa. Kwaya ikaingia, ikaanza pambio, na mnajua pambio haliimbwi kwa mdomo tu, na miguu inaimba. Katika kurudia mara ya tatu nikasikia sauti kama ya biskuti kubwa inavunjika, vigae vikaachana, na kiti cha mama mkwe kikashuka taratibu, kwa adabu kabisa, kama muumini anayepiga magoti. Wimbo uliendelea mstari mzima zaidi, kwa sababu wanaume wa besi huimba wamefumba macho.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Sasa, mimi ni Mmeru wa Nkoaranga, na baba yangu alinilea nikijua kwamba mama mkwe huamkiwa kwa mbali wala hashikwi mkono, na katika miaka kumi na tisa ya ndoa sikuwahi kuukosea mpaka huo. Nikafanya nini? Nikaikunja ripoti kama fimbo nikamnyooshea.

"Mama, shika hapa."

Akaitazama. "Hiyo ndiyo karatasi iliyosema sakafu imara?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi siishiki. Lete mkono, Baba Neema, mila tutaiomba radhi nikishatoka."

Nikatoa mkono, nikavuta, kigae nilichokanyaga kikakatika, nami nikaingia shimoni na suti yangu, tukawa tumesimama ana kwa ana, mkwe na mkwe, vumbi hadi kwenye nyusi. Mke wangu akauliza kutoka mlangoni, "Na ukurasa wa kuokoa watu upo?" Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, na yeye alipocheka hapakuwa na aliyejizuia, hata mchungaji. Lakini pilau ilipoisha alichukua mkoba wake. "Nyumba nimeibariki," alisema, "ila kuiamini, bado." Akarudi Marangu.

Kesho yake nilitamani kuliziba lile shimo kabla halijaongelewa zaidi, lakini nilijizuia, na hilo ndilo jambo moja la akili nililofanya, kwa sababu ukishaziba umezika ushahidi. Nikapiga picha kila upande, futi ikionekana, nikafunika kwa mbao, nikamwandikia Injinia barua aje aone kabla hakijaguswa kitu. Kisha nikamwita mhandisi mwingine asiye na upande. Akasema ni shimo la choo cha zamani, lilijazwa kifusi bila kushindiliwa na chumba kikaongezwa juu yake, na sakafu ilikuwa na ufa wa siku nyingi ambao zulia liliufunika, kisha fundi wangu wa vigae akaufunika tena.

Nikampigia aliyeniuzia. Akaapa kwamba nyumba ilijengwa na marehemu baba yake na yeye hajui kitu. Mara simu ikachukuliwa na mama yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Shimo unalouliza ni la choo chetu. Ndiyo maana kitanda nilikibana ukutani miaka yote."

"Bibi, mbona siku ile hukusema?"

"Ningesemaje nimelala? Ila sikuwa na usingizi, nilikuwa nawasikia mnavyonong'ona. Nikasema moyoni, wakiniuliza nitawaambia. Mkafunga mlango."

Tulikutana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Injinia akasema yeye hana macho ya kuona chini ya zege. Nikamjibu kwamba shimo simdai, lakini ufa angeuona kama angeinua zulia, na kama hakuingia chumbani angeandika hakuingia. (Angekataa, nilikuwa na mkataba, ripoti, picha na maoni ya yule mhandisi tayari kwa bodi inayosimamia kazi yake, na baadaye mahakama.) Akasema polepole, "Ni kweli, niliandika nisichokiona. Lakini kaka, aliyesema tumwache bibi apumzike ni nani?" Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Tukakubaliana Injinia alete mafundi na nondo, aliyeuza aondoe kifusi, nami nilete saruji, iwe faini ya ulimi wangu.

Wakachimba hadi udongo mgumu, wakapanga mawe, wakashindilia, wakamwaga zege jipya, na picha ya kila hatua mke wangu alimtumia mama yake. Hakujibu hata moja. Nami nikaweka nadhiri: nyumba yoyote nitakayokwenda kuikagua tena, kabla ya karatasi nitamsalimia mkubwa kuliko wote aliyemo, nitamwomba radhi kwa kumwamsha, na nitamuuliza nisikanyage wapi.

Jumamosi moja geti likagongwa. Mama mkwe, mabegi mawili na kuku mmoja.

"Shikamoo, Mama. Karibu ndani."

"Marahaba. Ndani baadaye. Choo cha zamani nakifahamu, tumeshaonana. Hiki cha sasa shimo lake liko wapi?"

Nikamwonyesha, nyuma ya migomba. Akalizunguka polepole na goti lake, akakanyaga pembeni kwa kisigino, mara mbili, akatazama mfuniko, akanitazama mimi.

"Haya, Baba Neema. Ingiza mabegi."