Poti Iliyobadilishwa Ijumaa

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Mifumo hapa Kisii alianza kunifundisha kabla sijaketi. "Hamisi, hifadhidata ni stoo, na draiva ni programu ya kukufikisha pale. Ukiipa anwani bila nambari ya poti, utafika ukutani ukose mlango." Poti, vijana wangu, ndiyo nambari ya huo mlango. Kila hifadhidata huja na nambari yake ya kawaida, inayojulikana na wote, wezi wakiwemo. Ndiyo maana wengine huibadilisha.

Baadaye nilihamishiwa hospitali, kitengo cha damu. Orodha ya wachangiaji ilikaa kwenye seva Nyamira, chini ya Meneja mwingine, Msabato wa kweli. Mimi ni Mwislamu wa mjini. Ijumaa adhuhuri alinishikia zamu, Jumamosi nikamshikia. "Mungu ametuajiri sote," alipenda kunitania, "ratiba tu ndiyo tofauti."

Ijumaa moja nikiwa msikitini, alibadilisha poti. Niliporudi, alikuwa ameshatoka awahi nyumbani kabla jua halijazama, na likizama huzima simu. Nimlaumu nani? Kila mtu alikuwa kwa Mola wake.

Kesho yake asubuhi, mama aliyejifungua akawa anavuja damu, na kundi lake ni adimu. Draiva yetu ilibisha mlango wa zamani ikakataliwa. Ningebahatisha nambari moja baada ya nyingine, seva ingenifungia nje kabisa. Niliogopa, sifichi. Nikachukua kompyuta na gari la hospitali mpaka kanisani kwa Meneja.

Alitoka ibada ikiendelea, Biblia mkononi.

"Mzee, nisamehe. Najua ni Sabato."

"Ng'ombe akianguka shimoni leo tunamtoa, sembuse mama wa watu? Fungua hiyo kompyuta."

Alinitajia nambari, nikaiweka kwenye mipangilio ya draiva, orodha ikafunguka. Mchangiaji wa karibu alikuwa mama mmoja mkulima wa chai. Nikampigia, simu imezimwa.

Meneja alicheka. "Hata yangu imezimwa. Huyo yuko ndani, anaimba kwaya."

Akaingia, akamnong'oneza. Mama akatoka na joho lake la kwaya, hakuuliza maswali. "Togende," akasema, twende basi, akapanda gari.

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza siri ya kazi, nawaambia: ukibadilisha poti, mwambie mwenzako kwanza, ndipo uende kuomba. Mgonjwa wetu alipona, akaenda nyumbani na mtoto wake. Dini yake sijaijua mpaka leo.