Kabati Limepata Nafasi

Jirani yangu seremala tulimwita Bila-Msumari, na jina hilo alilipata kwa haki. Maisha yake yote hakupigilia msumari kwenye samani ya mtu. Aliunga mbao kwa ulimi na tundu, kisha akazibana zote kwa kabari moja ya mti mgumu, aliyoificha mahali anapopajua yeye peke yake. Ukiichomoa kabari hiyo, kabati zima linalegea na kufunguka vipande vipande, kama mtu aliyepokea habari ya msiba. Usipojua ilipo, utatikisa mpaka jasho likutoke, na mwisho utavunja.

Kanuni ya mafundi wa zamani ilikuwa moja: mwenye samani haonyeshwi kabari. Vijana watasema huo ulikuwa ujanja wa kujitafutia kazi. Waseme. Mimi nasema ulikuwa undugu. Mtu akihama nyumba alilazimika kumwita fundi wake. Fundi alikuja, akawekewa kiti, akapewa chai, akaulizwa habari za mgongo wake, akafungua kabati, akalifuata mpaka nyumba mpya, akaliunga. Ukimtengenezea mtu kabati, ulikuwa umepata ndugu wa kufa na kuzikana. Siku hizi watu wananunua vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Likilowa linavimba, wanalitupa barabarani na kununua jingine. Na ndivyo wanavyofanyiana wao kwa wao.

Mke wa Bila-Msumari alikufa zamani, akamwachia binti mmoja. Binti alipoolewa alimleta mumewe wakakaa nyumba ya mzee. Mzee akawaachia vyumba vya mbele, yeye akahamia chumba cha uani, ubavuni mwa karakana yake. "Ni kwa muda tu, Baba," binti alimwambia. Muda huo ulizaa watoto wawili.

Kisha mkwe akapata kazi ng'ambo. Wakakodi nusu ya kontena, na sebule ikageuka mnada. Binti alisimama katikati na kidole chake: hiki kinakwenda, hiki kinabaki, hiki kitupwe. Mkwe alimfuata nyuma na futi kamba, akipima hata visivyohitaji kupimwa. Makochi yakabaki. Mapazia yakaenda, ingawa hakuna aliyejua madirisha ya huko yana ukubwa gani. Mashine ya kushonea ya marehemu mama yake binti ilisukumwa upande wa kutupwa.

"Huko nguo zinanunuliwa zikiwa zimeshashonwa," binti alisema.

Mzee hakubishana. Vitu havikuwa shida yake. Alitaka kujua jambo moja tu: na yeye anakwenda? Alipomuuliza binti, alijibiwa, "Baba, hilo tutaliangalia." Alipomuuliza mkwe, alijibiwa, "Mzee, taratibu. Mambo ya karatasi hayo." Mwenye masikio anajua kwamba "tutaangalia" ni hapana iliyopakwa mafuta. Lakini mzee mwenye mtoto mmoja hana masikio.

Mwishowe wakafika kwenye kabati la chumbani, lile alilomtengenezea mkewe mwaka waliooana. Lilikuwa pana kama ukuta, milango yake imechongwa majani mpaka unatamani kuyachuma. Mkwe akapima kabati, akapima mlango wa chumba, akatikisa kichwa.

"Hili linakwenda," binti alisema. "Nimeona picha za nyumba za huko. Kitu cha mkono kama hiki, wageni watakizunguka. Baba! Eti hili linafunguka?"

"Linafunguka," mzee alisema. "Na ufunguo wake ni mimi."

Jioni ile alikuja barazani kwangu na uso wa bwana harusi.

"Mwenzangu, nakwenda."

"Wamekwambia?"

"Kabati linakwenda."

"Nimekuuliza wewe, sikuuliza kabati."

"Wewe umesoma magazeti ya kufungia sukari mpaka akili imeingia sisimizi. Hebu fikiri. Linafunguliwa hapa, linasafiri vipande vipande. Likifika kule nani ataliunga? Rubani?"

"Basi usiwaonyeshe kabari."

"Mimi nimekuwa mwehu?"

Siku ya kulifungua aliniita nimshikie mbao za juu. Nilimkuta ameoga, amevaa shati jeupe, na patasi zimenolewa zinameta. Mkwe alikuwa amesimama pembeni, simu ameiinua mbele ya uso.

"Usijali, endelea tu," alisema. "Narekodi kwa ajili ya kumbukumbu. Wajukuu waje wamwone babu yao alivyokuwa fundi."

Alivyokuwa. Mtu yuko hai, ngazi iko mbele yake, na anaambiwa alivyokuwa. Bila-Msumari hakulisikia neno hilo. Alijitengeneza ukosi.

"Sasa hapo unavuta nini, Baba?" mkwe aliuliza.

Miaka yote alikuwa akimwita mzee. Siku hiyo ndiyo kwanza alimwita Baba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Seremala akisifiwa hutoa siri. Alimwonyesha kabari. Nikakohoa. Akamwonyesha upande wa kuigonga ili itoke bila kupasua. Nikakohoa tena, kwa nguvu.

"Jirani," binti aliniambia bila kunitazama, "maji yako jikoni."

Alisema yote. Ulimi upi unatoka kwanza, ubao upi unageuzwa, kwa nini ugonge kwa nyundo ya mti na si ya chuma. Kila kiungo alikitia alama ya patasi, alama moja ikutane na moja, mbili na mbili. Wanafunzi aliowafundisha mpaka wakaota mvi hawakuambiwa hata nusu yake.

"Rudia hapo kwenye kabari, Baba," mkwe alisema. "Mkono umeziba."

Naye akarudia.

Walipokuja wapakizi, mzee alizifunga mbao kwa mablanketi yake mwenyewe, ya kitanda chake. Kisha akalileta sanduku lake la zana, akaliweka mstarini pamoja na vyombo vingine.

"Hili pia?" mpakizi aliuliza.

"Hapana," mkwe alisema. "Zito hilo."

"Ni kweli," mzee alisema. "Zana nitasafiri nazo mwenyewe kwenye ndege. Au haziruhusiwi?"

Mkwe akamtazama mkewe. Mkewe akayatazama mapazia.

"Baba," binti alisema, "wewe utatulindia nyumba."

"Nyumba gani?"

"Hii. Vyumba vya mbele tumepata wapangaji. Watu wazuri sana, watakupenda. Wewe utabaki na chumba chako kile kile."

"Na kabati? Nani ataliunga?"

Mkwe akajipigapiga mfuko wa shati, palipokuwa na simu. "Usiwe na wasiwasi, mzee. Lote limo humu."

Wakaondoka. Mzee akasimama getini mpaka lori likakata kona, kisha akarudi ndani akafagia sebule. Binti alikuwa ameiacha chafu.

Miezi ikapita bila simu. Siku moja mpangaji akamwita mbio: binti yuko kwenye simu yake, ile ya kuonana nyuso. Nilikuwa pale, nikasogea. Kwenye kioo tuliliona kabati limesimama wima, bila ufa, bila msumari. Walikuwa wamelipaka rangi nyeupe, majani yote yamezama.

"Mzee, umeona?" mkwe alisema. "Nimeliunga mwenyewe! Watu hawaamini."

"Mmelipaka rangi."

"Nyeupe, Baba," binti alisema, "ili iendane na kuta. Limependeza, sivyo? Tunawekea viatu."

"Limependeza. Sasa, mwanangu, mimi mnanichukua lini?"

Binti akainamia kioo. "Haloo? Baba, hatukusikii. Haloo?" Kisha tukamsikia vizuri kabisa, kwa sauti ya chini, akimwambia mumewe: "Kata. Kata bwana." Kioo kikawa cheusi.

"Mtandao wa huko mbovu," Bila-Msumari alisema.

"Mtandao mzima," nikamwambia. "Wamekusikia."

Akamrudishia mpangaji simu yake kwa mikono miwili, akamshukuru. Kisha akanigeukia.

"Unafurahi."

"Sifurahi."

"Unafurahi, bwana. Wewe huna hata mtoto wa kukuacha."

Ni kweli, sina. Tangu siku hiyo salamu yangu anaipokea kwa mkono tu, kama anafukuza nzi.

Sasa anatengeneza kabati jingine, kubwa kuliko la kwanza. Hakuna aliyeliagiza. Muuza mbao aliambiwa kwamba binti anataka la pili, akampa pole nyingi na mbao mbichi, maana kavu hazipatikani tena. Mbao hizo zitapinda kabla hazijaungwa, naye anajua. Anafanya kazi mlango umefungwa, dirishani ameninginiza gunia ili mtu asipitishe simu. Anasema hili lina kabari mbili, na atakayelitaka itambidi amchukue na yeye.

Wapangaji wamelalamika kuhusu kelele. Wiki iliyopita binti alituma ujumbe, wa kwanza tangu siku ile ya simu. Wapangaji walimsomea wakiwa mlangoni pa karakana: Baba apunguze kugonga mchana, watoto wa watu wanalala.