Niliwafukuza Waliokuja Kulia na Mke Wangu

Mwenye makosa ni mimi, nasema mapema msije mkahangaika kunitetea. Naishi hapa Same. Mke wangu sasa yuko kwao, Kighare.

Yote yalianzia kwenye simu. Nilikuwa nafuatilia mafundisho ya wenye hekima wa Roma ya kale, na jamani, yalinikolea! Usihangaike na yaliyo nje ya uwezo wako. Kila unachokipenda umeazimwa tu, siku yoyote kitachukuliwa. Hata bosi akinifokea, namtazama tu. Nikajiona nimekomaa kuliko mtaa mzima.

Ndipo binti yetu Neema akafariki. Miaka minne! Homa ya siku tatu tu.

Sikutoa chozi. Makaburini watu wakanisifu, "Baba Neema ni mwanaume kweli," na mimi mpumbavu nikavimba kichwa.

Mke wangu alilia mpaka sauti ikamkauka. Majirani na akina mama wa usharika wakatandika mikeka sebuleni, wakakaa naye kama tunavyofanya kwenye misiba yote. Siku ya pili baada ya maziko nikaona imetosha. Nikasimama mlangoni, nikawaambia kulia hakumrudishi mtoto, kila mtu arudi kwake. Mama mmoja mzee ndiyo kwanza anafika na sufuria la makande. Nikamrudishia likiwa limejaa! Kwetu Upare, unamrudishiaje mtu chakula cha msiba?

Akaniambia taratibu, "Mwanangu, hatukuja kwako. Tumekuja kwa mwenzetu."

Sikumsikiliza. Walipoondoka nikamkalisha mke wangu nikamsomea mafundisho yangu, nikamwambia mtoto alikuwa wa kuazima tu. Ee Mungu wangu, nilitamka vile! Wiki tatu anapika, anafua, haongei. Nikadhani somo limemwingia. Siku moja natoka kazini, nguo zake hazipo.

Nilichelewa kumfuata, kwa kiburi. Nilipofika, mama mkwe nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anatazama pembeni. Mke wangu akatokea shambani na jembe lake.

"Baba Neema, umeshamlilia mtoto?"

Nikatazama jembe lake.

"Basi nenda kamlilie kwanza. Mimi nimelia peke yangu, nimechoka."

Kwenye basi la kurudi ndiyo machozi yakanitoka, mbele za watu, mpaka kamasi. Abiria wa jirani akanipa pole, akauliza nimefiwa na nani. Nikasema mwanangu. Akauliza lini. Niliona aibu kumwambia ni miezi mitano.

Wale wa Roma siwalaumu. Huenda nao waliwalilia watoto wao, mimi nikachukua yale ya kunipa sifa tu.

Wewe unayesoma hekima, soma, ni nzuri. Lakini itumie kwenye hasira zako na tamaa zako, usiende nayo kwa mtu aliyefiwa. Huyo kaa naye chini, unyamaze, alie mpaka amalize. Mimi ndiyo kwanza nimeanza kulia, na nyumbani sina hata mtu mmoja wa kukaa na mimi.