Picha ya Chini ya Roshani

Jamani, mimi Balad niliizunguka kwa hasira. Wenzangu wanaenda mji huo wa kale wa Jeddah kushangaa. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, nacho kiko chini ya roshani.

Kwetu Mombasa, roshani ya nyumba aliyopanga mama ilikuwa imeanza kuning'inia. Mikono ya mbao iliyokuwa ikiibeba kwa chini ilishaoza ikaanguka zamani, na hakuna aliyewahi kuipiga picha. Kaka yangu ni seremala. Mwenye nyumba alimpa mpaka Alhamisi: amwonyeshe mchoro wa kuirudisha ilivyokuwa, la sivyo ataivunja azibe kwa matofali. Na mama miguu haimbebi tena. Kutwa nzima anakaa pale roshanini, akisalimiana na kila apitaye njiani.

"Dada, huko Jeddah nyumba ni kama zetu," kaka aliniambia kwa simu. "Nipigie kwa chini, nione mbao zinavyoingia ukutani. Mapambo sitaki."

Bahati nzuri, madam wangu ninayemfanyia kazi za nyumbani alikuwa ameamua familia yake itoke Riyadh ikapumzike Jeddah siku tatu. Wapumzike wao, si mimi. Lakini wiki hiyo nilifunga mabegi ya nyumba nzima huku naimba.

Balad tukaingia Jumatano alasiri. Ala! Kila kona madam ananipa simu yake. "Nipige hapa. Sasa na mlango. Tena, nimefumba macho." Niliupiga mlango ule mpaka nikauchukia. Nikiinua simu yangu tu, ananihimiza, "Yalla, twende!" Nikirudi nyuma nipate roshani, mtoto wake anataka kubebwa. Nikambeba, nikapiga kwa mkono mmoja, picha ikatoka ukungu mtupu. Nilitaka kulia, wallahi. Ninachokitafuta kiko juu ya kichwa changu, na sina ruhusa ya kuinua shingo.

Mwishowe madam akaingia duka la manukato. Nikamkalisha mtoto kando yangu na biskuti, nikalala chali juu ya mawe, abaya na yote, chini ya roshani moja kubwa. Watu wakanikodolea macho. Na wakodoe! Nikapiga picha kumi na mbili, zote safi, nikamtumia kaka papo hapo.

Akanijibu kwa ujumbe wa sauti. "Dada, hebu ivute karibu hiyo ya tatu. Hicho ni chuma. Kimepakwa rangi ya mbao."

Nikaivuta. Chuma kweli, na bolti zake. Kumbe huku nako walishakarabati! Nikatazama nyumba ya pili: chuma. Ya tatu, chuma vilevile.

"Hakuna hata moja yenye mbao zake?" akauliza.

Madam alikuwa ameshatoka na mifuko. "Halas, imetosha, twende hotelini."

"Huenda ipo," nikamwambia kaka. "Sikupewa nafasi ya kuitafuta."

Kwenye gari madam alilalamika kwamba viatu vyake nimevikata katika picha zote. Nikamwambia samahani, madam.

Ijumaa kaka akanitumia picha moja. Ukuta mpya wa matofali, plasta bado mbichi, na mama kwenye kiti chake palepale, uso umeelekea ukutani. Nikampigia, nikamfokea: kwa nini hamkugeuza kiti?

"Tuligeuza," akasema. "Amekataa."